Ukiumwa na Mbwa: Maji na Sabuni Kwanza, Kisha Hospitali Siku Ile Ile

Katika ofisi ya kilimo tumezoea kuulizwa habari za mbegu, mbolea na bei ya mahindi. Lakini liko swali jingine ambalo mtu huliuliza akiwa tayari ameshika mlango kutoka: “Mtoto wangu aliumwa na mbwa juzi, lakini ni kidonda kidogo tu. Je, yafaa kumpeleka hospitali?” Jibu ni moja. Yafaa, tena leo. Udogo wa kidonda hauonyeshi udogo wa hatari.

Sisi wa mashamba ya skimu hatuwezi kukaa bila mbwa. Tangu mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa katika mwaka 1962, chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, familia nyingi zilipata ploti upande wa Kitale, na vile vile Tongaren, Naitiri na Ndalu katika Bungoma. Mbwa hulinda boma usiku na kufukuza tumbili katika mahindi. Lakini mbwa huyo huyo huvuka mipaka ya ploti, hupigana na mbwa wengine njiani, na pengine hukutana na bweha. Kwa hiyo tumfuge kwa akili.

UGONJWA WENYEWE

Hatari kubwa ya kuumwa na mbwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu si mgeni katika Kenya. Ulitambuliwa mwaka 1912 katika mbwa karibu na Nairobi, na mwaka 1928 iliandikwa habari ya mtu wa kwanza kuugua, naye alikuwa mwanamke wa pande za Ziwa Viktoria. Hata leo inakisiwa ya kuwa watu wapatao 2,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka katika Kenya, na wapatao 59,000 katika dunia nzima. Katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ndiye anayechunga ndama, ndiye anayetumwa dukani, na ndiye anayecheza na mbwa.

Virusi vya ugonjwa huu vimo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa njia ya jeraha, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa juma moja tu, au hata mwaka mzima. Vikifika kwenye ubongo, mgonjwa hushindwa kumeza, huogopa maji, hufadhaika, kisha hufa. Wakati huo hakuna dawa ya hospitali wala ya mganga iwezayo kumponya.

Basi nafasi yetu ni kabla ya virusi kufika huko. Mkulima hang'oi gugu likiisha kumwaga mbegu. Huling'oa lingali changa. Chanjo ya watu walioumwa ni ya zamani. Tarehe 6 Julai 1885, katika Ufaransa, Louis Pasteur aliianza kwa mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Mtoto yule alipona. Chanjo ya siku hizi ni bora zaidi, na mtu akiipata mapema na kuimaliza, karibu kila mara huokoka.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni. Sabuni ya kufulia yatosha. Mwaga maji kwa kata au kwa kopo yapite juu ya jeraha, na uendelee kwa dakika 15. Usikadirie kwa moyo, tazama saa. Sabuni huua virusi vingi vilivyo katika jeraha. Ikiwa damu inaruka kwa nguvu, bana kwanza kwa kitambaa safi mpaka ipungue.

2. Ukiwa na spiriti au ayodini, paka baada ya kuosha. Kama huna, usikawie kuitafuta.

3. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa, maji ya betri, kinyesi cha ng'ombe wala manyoya ya mbwa aliyeuma. Vitu hivyo haviui virusi. Huchoma nyama, huleta usaha na kupoteza saa zenye thamani.

4. Usilishone jeraha wala kulikaza kwa bendeji. Lifunike kidogo kwa kitambaa safi, kisha uanze safari.

NANI AENDE HOSPITALI?

Kila mtu ambaye ngozi yake imetobolewa au kukwaruzwa na mbwa, hata pasipo damu kutoka. Pia mtu aliyelambwa na mbwa penye kidonda, machoni au mdomoni. Paka, punda, ng'ombe na bweha pia waweza kuleta ugonjwa huu. Usiseme, “Alikuwa mtoto wa mbwa tu,” kwa maana mbwa mdogo naye huugua. Tena usiseme, “Ni mbwa wa jirani, namjua.” Kumjua mwenye mbwa si kujua hali ya mbwa.

Jeraha la kichwani, usoni, shingoni au mkononi lina haraka kuliko yote, kwa sababu safari ya kwenda kwenye ubongo ni fupi, au mishipa ya fahamu ni mingi mahali hapo. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe, kama vile zile za Kitale, Webuye au Bungoma. Dispensari ikikosa chanjo, omba barua ya kukupeleka mbele siku ile ile. Mjamzito na mtoto mchanga nao huchanjwa.

Mweleze daktari ni mnyama gani, aliuma lini, na yuko wapi sasa. Daktari ataona kama yafaa pia sindano ya pepopunda na dawa ya kuzuia usaha. Kwa jeraha baya huenda akadunga dawa nyingine ya kinga katika jeraha lenyewe, ili kuzuia virusi wakati chanjo haijaanza kufanya kazi.

Chanjo si sindano moja. Ratiba iliyozoeleka ni siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, zikihesabiwa tangu sindano ya kwanza. Hospitali ikikuandikia siku nyingine, fuata hizo. Hapa ndipo wengi hushindwa. Jeraha limekauka, palizi imefika, nauli ya matatu ni taabu, basi mtu hukatiza baada ya sindano ya pili. Jeraha lililokauka si dalili ya kupona. Afadhali kuuza kuku wawili kwa nauli kuliko kukatiza. Na ikiwa siku zimepita bila kwenda, usikate tamaa. Nenda leo, maadamu dalili hazijaanza.

Urudi hospitali upesi pia jeraha likivimba, likiwa jekundu, likitoa usaha, au ukishikwa na homa.

HABARI YA MBWA ALIYEUMA

Wengi wetu hukimbilia panga na rungu. Lakini ikiwa mbwa aweza kufungwa pasipo hatari, afungwe kwa siku 10, apewe maji na chakula, na afisa wa mifugo aarifiwe. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, daktari aweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akiugua, akifa au akitoroka, sindano zinaendelea. Usingoje siku 10 ndipo uanze sindano. Anza kwanza, huku mbwa akitazamwa.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Mpole huwa mkali, huuma vijiti na mawe, hudondosha mate, na sauti yake hugeuka. Mwingine hunyamaza, hujificha gizani, na taya lake hulegea kama aliyekwamwa na mfupa. Usitie mkono mdomoni mwake kuutafuta mfupa huo! Wala usijaribu kumshika. Mwarifu chifu au afisa wa mifugo. Ikiwa lazima auawe, asipigwe kichwani, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu wala kutupwa mtoni, na kazi ya kukata kichwa ni ya watu wa mifugo.

Ng'ombe naye akiumwa aweza kuugua. Hutoa mate mengi, hulia kwa sauti ngeni na kushindwa kumeza. Mkulima hudhani amekwamwa na gunzi, akaingiza mkono kooni. Usifanye hivyo. Tena usimchinje mnyama wa namna hiyo kwa nyama, wala usinywe maziwa yake. Mwite afisa wa mifugo.

TUKATE MZIZI

Dawa kubwa ni kumchanja mbwa kila mwaka. Wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba ulikomeshwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Ulipoingia tena mwaka 2016 waliwachanja tena, na kufika mwisho wa mwaka 2018 ulikuwa umekwisha. Serikali ya Kenya nayo imeweka mwaka 2030 kuwa mwaka wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu. Jambo hilo haliwezekani ikiwa siku ya chanjo mbwa wetu wamebaki nyumbani. Tumlete kila mbwa, pamoja na wale wadogo, na tuitunze kadi ya chanjo pamoja na karatasi za shamba.

Tuwafundishe watoto pia. Wasimsumbue mbwa anayekula au anayenyonyesha. Mbwa mgeni akiwajia, wasikimbie. Wasimame kimya, mikono kando, bila kumkazia macho. Na wakiumwa au kukwaruzwa, waseme siku ile ile. Mtoto anayeogopa kuchapwa kwa kucheza na mbwa ataficha jeraha lake. Basi tuwaahidi leo kwamba hatutawachapa kwa kusema.

Mkulima mwenzangu, kata ukurasa huu uubandike ukutani karibu na mtungi wa maji, na uweke kipande cha sabuni hapo. Kisha uulize kwa afisa wa mifugo wa kata yako, siku ya kuchanja mbwa ni lini.