Linux Inapokataa Kuwaka

Baadhi yetu hapa Kampala tunaotumia Linux huiunda upya kerneli, yaani kiini cha mfumo, ili iwe nyepesi kwa kompyuta kuukuu. Tukiacha nje draiva ya diski au ya mfumo wa faili, kompyuta husimama na kuandika “Kernel panic”. Tusikimbilie kufomati diski. Tasnifu na rekodi za utafiti bado zimo. Kilichopotea ni njia ya kuzifikia. Tuiwashe upya, tuchague kerneli ya zamani katika menyu ya GRUB, kisha tuunde nyingine yenye draiva hizo ndani yake. Kanuni ni moja: kerneli ya zamani isifutwe kabla mpya haijajaribiwa.