Tarehe za Miswada Katika Programu za Tarakilishi

Tarehe 03/04/2007 humaanisha Aprili 3 kwa Mkenya, ilhali kwa Mmarekani ni Machi 4. Ili kuondoa utata wa aina hii, Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha kanuni ya ISO 8601 mwaka 1988. Kanuni hiyo hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2007-04-03. Programu huhifadhi umbo hilo moja na kumwonyesha kila msomaji tarehe kwa mujibu wa desturi yake.

Hata hivyo, kanuni hiyo imejikita katika kalenda ya Gregori, ilhali tenzi nyingi za kale za Kiswahili zilinakiliwa kwa tarehe za Hijria. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, huhusishwa na mwaka 1141 wa Hijria, nao wahakiki aghalabu huandika 1728. Mwaka huo wa Hijria ulianza Agosti 1728 na kumalizika Julai 1729. Programu inayodai mwaka mmoja wa Gregori humlazimisha mhifadhi kukisia, na kisio hilo baadaye husomwa kama ushahidi.

Aidha, siku ya Hijria huanza jua linapotua. Kazi iliyokamilishwa usiku huweza kupewa tarehe isiyo yake.

Ni muhimu basi programu ihifadhi mambo matatu: tarehe kama ilivyoandikwa, jina la kalenda, na kipindi kinacholingana nayo katika kalenda ya Gregori. Tarehe aliyoiandika mnakili ni sehemu ya matini. Kuibadilisha kimyakimya ni kuihariri kazi yake.