Kunakili Taswira ya Diski Mtandaoni: Mwendo Hupotelea Wapi?

Mwaka 1965, mjini Elisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani kilitoa kijitabu cha historia ya mji huo kilichotungwa na André Yav kwa Kiswahili cha Katanga. Kijitabu hicho kilipigwa taipu na kudurufiwa tu. Kimewafikia wasomi kwa sababu nakala yake ilihifadhiwa, hata Johannes Fabian akaichapa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Hazina nyingi za lugha huponea katika tundu jembamba namna hiyo.

Siku hizi matini, sauti za mahojiano na kanzidata za msamiati huwekwa katika seva, na mara nyingi seva yenyewe ni mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo lake, inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta kubwa. Pamoja na nyingine kadhaa, hugawana kichakataji, kumbukumbu na diski za mwenyeji wake. Njia ya kuihifadhi yote kwa mkupuo mmoja ni kuchukua taswira ya diski yake na kuipeleka mahali pengine kwa mtandao. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea taswira za ushairi asipotoshwe na neno hilo: hapa halina maana ya picha, bali ni nakala kamili ya diski, herufi kwa herufi, pamoja na nafasi zake tupu.

Tatizo linalojitokeza mara kwa mara ni kwamba kazi iliyotarajiwa kwisha kwa saa moja huchukua usiku kucha. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, usiku kucha ni sawa na kutokwisha kabisa: nakala hukatika katikati, na hazina hubaki na nakala moja ileile. Wakuu wa idara hukimbilia kuomba njia pana zaidi ya mtandao. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa kinachokula muda si wembamba wa njia bali kungojeana kwa vyombo.

Hesabu kidogo italifafanua jambo hili. Taswira ya gigabaiti 40, ikipita katika njia ya megabiti 100 kwa sekunde, haiwezi kuchukua chini ya dakika 53. Katika njia ya gigabiti moja, dakika tano na ushei. Hicho ndicho kipimo cha juu kabisa. Sasa itazamwe itifaki ya TFTP, ambayo hutumiwa kuamsha kompyuta kwa mtandao. Kwa kawaida yake hupeleka baiti 512, kisha hunyamaza mpaka ijibiwe kwamba zimefika. Jibu likichukua milisekunde moja tu, taswira ileile itahitaji karibu saa 22, hata kama waya ni wa gigabiti. Tangu 1995 kuna kanuni inayoruhusu vipande vikubwa zaidi. Hata hivyo ni afadhali itifaki hii iachiwe kazi yake ya kuamsha, na mzigo mzito ubebwe na nyingine.

Itifaki ya TCP ina busara zaidi, kwani hupeleka pakiti nyingi kabla ya kungoja jibu. Kiasi hicho huitwa dirisha, na katika muundo wa awali hakikuzidi baiti 65,535. Kenya iliijua vizuri adha yake. Kabla ya kebo za baharini SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yake ya intaneti na ng'ambo yalipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwenda na kurudi kwa ujumbe kulikula takriban nusu sekunde. Kwa dirisha hilo, muunganisho mmoja hauwezi kupitisha zaidi ya kilobaiti 131 kwa sekunde, njia iwe na upana wowote. Gigabaiti 40 zingesafiri siku tatu na nusu. Kanuni ya kulipanua dirisha iliandikwa mwaka 1992 na mifumo ya leo huitumia, ila kifaa cha zamani kilichokaa njiani chaweza kuifuta kimyakimya.

Pengine hata hivyo mtandao hauna hatia. Kadi ya mtandao ya mashine pepe ikiwa imewekwa kuigiza kadi halisi, kwa mfano E1000, kichakataji hulemewa na maigizo hayo. Aina ya virtio, iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, hupunguza mzigo huo. Diski yenye mlolongo wa hali zilizohifadhiwa husomwa kwa kurukaruka faili moja hadi nyingine. Ubanaji mkali wa data nao waweza kuchelewesha kuliko waya. Kosa lililo gumu kugunduliwa ni la swichi: upande mmoja umepangwa kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja, wa pili kwa zamu. Ujumbe mfupi hupita salama, hivyo kila mtu huapa kwamba mtandao ni mzima, lakini mzigo mkubwa hugongana na kurudiwa bila kikomo.

Kwa hiyo kila hatua ipimwe peke yake. Diski isomwe kwa amri ya dd bila kuandikwa popote. Mtandao upimwe kwa iperf bila kugusa diski. Kisha upande wa pili uandikiwe data kutoka kumbukumbu yake wenyewe. Hatua yenye tarakimu ndogo ndiyo ya kutengenezwa. Baada ya hapo yafaa kutumia programu kama partclone, ambayo hunakili sehemu zilizotumika tu: diski ya gigabaiti 40 yenye data ya gigabaiti 9 haina sababu ya kusafirisha utupu. Taswira ikatwe vipande, ili umeme ukizimika kianzwe upya kipande kimoja, na kila kipande kilinganishwe kwa alama ya SHA-256 pande zote mbili kabla nakala ya zamani haijafutwa.