Jaketi la Kuzamia: Ukiwa Kitale au Bungoma, Lipia Nini?

Umemaliza kozi ya kuzamia Diani au Watamu, umerudi nyumbani Kitale, na mtu anakuuzia jaketi la kuzamia lililotumika. Au kikundi chenu cha uokoaji karibu na Webuye kimechanga pesa na mnataka kifaa kabla mvua haijajaza Mto Nzoia. Muuzaji anataka jibu kufikia Jumamosi. Soma hapa kwanza.

Jaketi hilo, ambalo wazamiaji huliita BCD, ni mfuko wa hewa unaovaliwa kama koti na kubeba mtungi mgongoni. Mfuko wenyewe ukitunzwa hudumu miaka mingi. Kinachoharibika mapema ni infleta, kile kishikio kinachoning'inia bega la kushoto, chenye kitufe cha kuingiza hewa na kingine cha kuitoa. Kwa hiyo anayenunua jaketi la mtumba ananunua infleta. Kabla ya kuuliza bei, uliza nani ataitengeneza na yuko wapi.

Yuko mbali. Kutoka Bungoma hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 850 za barabara, na kutoka Kitale ni vivyo hivyo. Watengenezaji wengi wanataka jaketi likaguliwe na fundi aliyefunzwa kila mwaka. Mkazi wa Diani hulipeleka kwa tuktuk. Wewe utalipa kifurushi kwenda na kurudi, kazi ya fundi, vipuri, na pengine kifurushi kingine kipuri kikikosekana. Jumlisha hayo kwa miaka mitatu, kisha uyaongeze kwenye bei unayotajiwa leo.

Kukodi ndiko kunakomfaa mwenye pesa kidogo. Mara nyingi ada ya kuzamia Pwani huwa imejumuisha vifaa, na mwenye jaketi lake hupunguziwa kiasi kidogo tu. Tuseme punguzo ni shilingi 1,000 kwa siku na jaketi lako liligharimu 40,000. Itabidi uzamie siku 40 ndipo pesa zirudi, kabla hujalipa fundi hata mara moja. Ukishuka Pwani mara mbili kwa mwaka na kuzamia siku tatu kila safari, hiyo ni karibu miaka saba. Uliza tu mapema kama bei ni ya vifaa vyote, na kama ada ya kuingia hifadhi ya bahari iko ndani au inalipwa kando.

Jaketi jipya, kwa bei za nje, huanzia kama dola 300 na kupanda hadi 700 au zaidi. Ukiliagiza mwenyewe, usihesabu bei ya dukani pekee. VAT ya asilimia 16 hukokotolewa baada ya bei, usafirishaji, bima na ushuru wa forodha kujumlishwa pamoja, na kuna tozo nyingine juu yake. Jaketi lililoonekana rahisi kwenye simu linaweza kufika Kitale likiwa limekula mkopo wa chama.

Ukiamua kununua jipya, chagua infleta ya kawaida kabisa. Zipo zenye regyuleta ya akiba, yaani kifaa cha kupumulia, ndani yake, na wauzaji huzisifu kwa kuwa zinakupunguzia mpira mmoja wa kuleta hewa kutoka kwenye mtungi. Usinunue hiyo. Hudai huduma kama regyuleta kamili, nyingine hutumia kiungo chake cha pekee, na mpira wake ukipasuka huwezi kuazima wa mwenzako.

Sasa mtumba, maana hapa ndipo watu wa kwetu huumia. Asiye na mtungi wenye hewa pamoja na regyuleta hawezi kukuthibitishia kwamba infleta ni nzima, kwa sababu tatizo kubwa hujitokeza mpira ukiwa na presha, ambayo kwa kawaida ni bar 9 au 10. Usikubali mtu aipeleke kwenye kompresa ya gereji. Hewa ile hubeba mafuta na maji, na utakuwa umeingiza uchafu ndani ya kifaa unachotaka kukipima.

Bila mtungi, bado unaweza kupima mfuko. Ujaze kwa mdomo hadi uwe mgumu, uuache saa kadhaa. Fanya hivyo ndani ya nyumba, mchana. Kitale usiku ni baridi, na hewa ikipoa husinyaa, kwa hiyo jaketi zima kabisa litaonekana limelegea asubuhi. Kisha lizamishe kwenye pipa uangalie viputo: penye vali za kamba, penye kola inayoshika mpira wenye mikunjo, na kwenye infleta. Bonyeza vitufe vyote mara ishirini. Kinachorudi polepole kina chumvi au mchanga ndani, au springi imechoka. Mwisho nusa mdomo wa infleta. Harufu ya uvundo ina maana liliwekwa na maji ndani. Likishindwa jaribio hata moja, bei ya muuzaji ipunguzwe kwa gharama ya infleta mpya. Infleta nzima huuzwa nje kwa kama dola 50 hadi 100, bila usafirishaji. Asipopunguza, mwachie.

Jambo moja zaidi kuhusu vipuri. Infleta nyingi zina kivali cha ndani kinachofanana sana na cha tairi, na fundi wa pancha wa pikipiki atakuambia anacho cha shilingi chache. Kwenye tairi kinafaa. Kwenye jaketi kinaweza kushika kutu au kukwama, nawe uko mita 15 chini ya maji.

Infleta ikikwama ikiwa wazi, jaketi linajaa lenyewe na kukupandisha kwa kasi, na kasi hiyo inaweza kupasua mapafu ya anayeziba pumzi. Endelea kupumua. Chomoa mpira kwenye infleta mara moja huku mkono mwingine ukivuta kamba ya kutoa hewa. Baada ya hapo jaketi unalijaza kwa mdomo. Zoezi la kuchomoa mpira kwa mkono mmoja halina malipo. Lifanye nchi kavu hadi vidole vizoee, hata kwa jaketi la kukodi, kabla hujashuka chini.

Matunzo hayana gharama kubwa. Kila siku ya kuzamia, pitisha maji safi ndani ya jaketi kupitia mdomo wa infleta, tikisa, geuza, mwaga, rudia. Likaushe kivulini na ulihifadhi likiwa na hewa kidogo. Oringi, zile pete za mpira za kuziba, zipakwe grisi ya silikoni, usipake mafuta ya mgando ya ngozi, kwa kuwa hulegeza mpira.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti yoyote: usiku wa ziada Pwani. Mwongozo unaotumiwa na wazamiaji kabla ya kupanda ndege ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa, kwa safari ambayo hewa ndani ya ndege ni kama ya kimo kisichozidi mita 2,400. Nawe hata kwa basi utavuka kimo hicho: barabara ya kwenda Eldoret hupita Timboroa, juu ya mita 2,700. Basi la jioni baada ya kuzamia asubuhi si la kupanda. Weka siku nzima, na bajeti ya chumba na chakula.

Kwa kikundi cha Nzoia, nasema hivi: msinunue BCD. Haikuundwa kumgeuza aliyezimia uso juu, na maji ya mafuriko yenye matope huingiza mchanga kwenye infleta. Kuzamia kwenye mkondo usioonekana ni kazi ya waliofunzwa mahususi. Kwa pesa za jaketi moja, nunueni jaketi okozi za povu zisizohitaji hewa wala vali, kamba ndefu za kurushia, na filimbi kwa kila mtu. Jaketi okozi ya povu hukaguliwa kwa macho: mishono, mikanda, vifungo. Kazi hiyo mtaifanya wenyewe Webuye.