Mualiko wa kupika pamoja: mgeni akikunja sambusa si aibu

Ukimwambia mtu wa Pwani, "Njoo kwangu Jumamosi, lakini chakula tutakipika pamoja," cha kwanza atakachodhani ni kwamba umeishiwa. Cha pili ni kwamba una choyo. Nimewaalika watu namna hii kwa miaka kadhaa sasa, na maneno hayo mawili nimeyasikia yote, mara nyengine kutoka kwa mtu ambaye bado anatafuna. Leo nataka kulieleza jambo lenyewe, linavyopangwa na kwa nini naliona lina faida kwetu kuliko vyakula vya kuagiza vinavyofika vimeshapoa.

Wenzetu wanayo mialiko ya aina hii na hawaionei haya. Wakorea huchoma nyama yao juu ya jiko lililo katikati ya meza. Waswisi huzunguka chungu cha jibini iliyoyeyushwa, kila mtu akichovya kipande chake cha mkate. Lakini ya nini kwenda mbali? Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka harusi zetu. Siku moja kabla ya walima, wanawake wa mtaa walijaa uani: huyu achagua mchele, huyu amenya thomu, wale wakata vitunguu machozi yakiwatoka na kicheko hakikatiki. Nje wanaume wahangaika na kuni na majungu ya pilau. Hakuna aliyekaa akingoja kuandaliwa. Twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye harusi hatukungoja hiyo ya tatu, kisu alikikuta mlangoni.

Uani pale hapakuwa pa kupika tu. Msichana wa miaka 12 alikaa karibu na nyanyake akaona kitunguu cha pilau hukaangwa mpaka kifike rangi gani, na hakuna aliyemwambia "leo tunakufundisha." Sasa tumewapa kazi hiyo wapishi wa kukodi. Siwalaumu, ni riziki yao ya halali na wengi wapika vizuri. Lakini tumelipa mara mbili. Tumelipa pesa, na wako watu mtaani kwangu waliolipa deni la walima mpaka mtoto wa kwanza wa bwana na bibi harusi akaanza kutembea. Na tumelipa kwa ujuzi. Mkate wa mofa, kwa mfano, mtaani kwetu hauna tena mtu wa kuupika. Aliyeujua alifariki, na hakuna aliyekaa naye karibu na ile mofa ya udongo akatazama.

Harusi sitairudisha nyuma peke yangu. Ninachoweza ni kualika watu wanane au kumi nyumbani, na wakati ninaoupenda kabisa ni mwezi wa Shaaban, siku za vunjajungu, wakati kila mmoja afikiria futari za Ramadhani na friji yake ni tupu. Kila mmoja huja na kima chake na unga wake, tunakunja pamoja, tunakaanga kiasi cha kula siku ile, na zilizobaki kila mtu huenda nazo kwake mbichi akazigandishe. Kwa mama anayetoka kazini saa kumi na moja na kuingia jikoni hajavua hata viatu, sambusa 60 zilizo tayari si mchezo.

Kwa nini sambusa? Kwa sababu si kila chakula chafaa. Biriani haifai hata kidogo: ina masufuria mengi, amri lazima itoke kwa mtu mmoja, na wali haungoji watu wamalize hadithi zao. Chapati huonekana rahisi, lakini ukiwa na chuma kimoja na watu kumi, wa mwisho atakula wa kwanza ameshaona njaa tena. Chakula kinachofaa ni kile ambacho kazi yake kubwa ni ya mikono na moto wake ni wa muda mfupi. Sambusa, katlesi, viazi karai, mishkaki. Kaimati ni tamu na watoto huzipenda, ila kudondosha donge kwenye mafuta ya moto kwataka mkono uliozoea, kwa hivyo awe mtu mmoja tu mbele ya karai.

Manda ndiyo roho ya sambusa, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wameacha wakakimbilia za dukani. Unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo na maji. Ukande uwe mgumu kuliko wa chapati. Kata madonge madogo, yasukume yawe kama kisahani. Kila kisahani kipake mafuta, nyunyiza unga, weka chengine juu yake mpaka vifike vinne au vitano, kisha sukuma vyote kwa pamoja viwe chapati moja nyembamba. Weka juu ya chuma kwa muda mchache kila upande. Usingoje ipate rangi, ikipata rangi itavunjika ukiikunja. Ukiitoa ingali moto, shika pembeni uzibandue moja moja. Siri yake ni ndogo: mafuta na unga hauziachi zigandane, na mvuke unaotoka ndani huzisukuma ziachane. Zikate vipande virefu na uzifunike kwa kitambaa kibichi, kwani upepo ukizipiga kwa dakika chache zakauka na kupasuka.

Kazi hii ya manda mwenyeji aifanye asubuhi, au siku iliyotangulia, lakini aache madonge machache wageni wajaribu. Kubandua manda ya kwanza na ikatoka nzima ni furaha ambayo siwezi kuieleza. Nimemwona mama wa watoto watano akipiga kigelegele.

Kima nacho kipikwe mapema kwa thomu, tangawizi, pilipili na chumvi mpaka maji yote yakauke. Vitunguu vikatwe vidogo, vikamuliwe, vitiwe baada ya kuepua pamoja na dania na ndimu. Kisha kipoe. Mtu mwenye haraka hujaza kima cha moto, mvuke ukalainisha manda, na sambusa ikafunguka ndani ya mafuta. Kilo moja ya kima na nusu kilo ya vitunguu, kwangu hutoa sambusa 50 hivi, zaidi au pungufu kulingana na mkono wa anayejaza. Gundi ni unga na maji, uzito wa uji. Pembe ikibaki na tundu, hata dogo kama la sindano, mafuta yataingia na utakula sponji.

Kwenye kukunja ndipo mazungumzo huanza, na hapo ndipo hasa penye sababu yangu. Kuna binti mmoja aliyesilimu akaolewa mtaani kwetu kutoka bara. Anaheshimu watu, anaswali, Kiswahili chake kizuri. Lakini kila Ramadhani mawifi zake walikuwa na mchezo wa kuzitazama sambusa zake kwenye sahani na kuulizana hizi ni sambusa au ni bahasha. Wacheka wao, analia yeye usiku. Hakuna aliyemkalisha chini akamwonyesha, maana kumfundisha kungekuwa kukubali kwamba sisi nasi hatukuzaliwa tunajua. Alipokuja kwenye mkeka wangu, alikuta wasichana watatu wa hapa hapa, wa mitaa yetu na ukoo unaojulikana, nao hawajui kukunja. Bi mkubwa mmoja wa miaka 70 na ushei, ambaye mikono yatetemeka na hawezi tena kusimama mbele ya jiko, aliwakalisha wote wanne mbele yake. "Huku, kisha huku, utie kidole ndani ufanye mfuko." Sambusa zao kumi za mwanzo zilikuwa mbaya sawasawa. Hakuna aliyepata nafasi ya kumcheka mwenzake.

Mualiko wa kawaida hauwezi kufanya hivyo. Ukimwandalia mtu sahani, ataila, atakusifu, ataenda zake. Mpe kazi ya mkono na macho yake yatapata mahali pa kukaa, na hapo ulimi hulegea. Mjane aliye kwenye eda yake, nenda kwake wewe; lakini aliyemaliza na bado hajui arudi vipi kwa watu, mpe kilo moja ya vitunguu, atakuwa amerudi kabla havijaisha.

Bi mkubwa awepo, na asiguse kazi. Apewe kiti kizuri, chai na mamlaka. Ukimwalika mtu mzima ukampa kisu utaambiwa huna adabu, na ni kweli huna.

Na mualiko uwe wazi tangu mwanzo. Sema: tunapika pamoja, njoo na ubao na kisu chako, njoo na kima chako au njoo mikono mitupu, nitakuwa nacho cha ziada. Anayefika amevaa nguo ya harusi na piko mbichi kwenye vidole hakuambiwa vizuri. Nguo, kwa kweli, si suala la urembo. Buibui zetu nyingi ni za nailoni na poliesta, mikono yake mipana, na kitambaa hicho kikishika moto huyeyuka na kugandana na ngozi. Wageni wangu wavue buibui mlangoni, wabaki na dera la pamba au wajifunge leso, mikono ikunjwe. Siku ya wanawake ni ya wanawake, kwa hivyo hakuna wa kuona haya.

Karai la mafuta liwe na mtu wake mmoja na watoto wasipite hapo. Lisijazwe zaidi ya nusu. Mafuta yakishika moto, zima gesi, funika kwa mfuniko au sinia, na usimwage maji kabisa: maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke mara moja na kuyarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Mtungi wa gesi ukae mbali na jiko. Kujua mafuta kama ni tayari, tia kipande cha manda. Kikizama kisha kikapanda taratibu na mapovu, anza. Kikigeuka rangi hapo hapo, punguza.

Wanaume nao nimeona wakipewa mishkaki wakaifurahia, wako juu sakafuni na seredani yao, sisi chini. Nyama ikatwe vipande sawa, itiwe thomu, tangawizi, ndimu na papai bichi lililosagwa. Papai lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, ndiyo maana nyama ngumu huwa laini. Ila kijiko kwa kilo chatosha, na saa moja au mbili. Ukiilaza usiku kucha utakuta uji. Vijiti vilowekwe maji nusu saa visiungue. Na sinia lililobeba nyama mbichi lisirudi kubeba iliyoiva, jambo ambalo wanaume, wakianza kuzungumza siasa, husahau kila mara.

Joto letu nalo si la kudharauliwa. Nyama, iwe mbichi au iliyopikwa, isikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ambazo joto limepita nyuzi 32, ambazo kwetu si chache, saa moja tu. Kwa hivyo kima kitolewe frijini kidogo kidogo, si bakuli zima likae kwenye mkeka tangu alasiri mpaka magharibi.

Za kwenda nazo nyumbani zipangwe kwenye sinia zisigusane, zigandishwe hivyo kwanza, ndipo zitiwe mfukoni. Ukizitia mfukoni laini utatoa donge moja kama tofali. Siku ya kukaanga usizingoje ziyeyuke, zitie kwenye mafuta kama zilivyo, moto wa wastani, maana zikiyeyuka manda hulowa na kuchanika. Andika jina la mtu kwenye mfuko kwa kalamu ya wino mzito. Nasema hili kwa sababu mwaka uliopita mawifi wawili walitaka kugombania mfuko ambao haukuwa wa yeyote kati yao.

Vile vipande vya manda vilivyobaki pembeni baada ya kukata, visitupwe. Vikaange mwisho, vinyunyize chumvi na pilipili kidogo, wape watoto waliofukuzwa jikoni tangu mchana.