Anachoficha Mjamzito wa Malindi

Mjamzito anayetumia unga huchelewa kufika kliniki. Wapo wanaokuja tumbo likiwa la miezi saba, na wapo tunaowaona mara ya kwanza uchungu umeshawashika. Mwili una sehemu yake katika hili: heroini huvuruga hedhi, na mwanamke aliyezoea kupitisha miezi bila kuziona siku zake hashtuki zikikosekana. Ila hata akishajua ana mimba, bado anamwogopa askari, na sheria inampa sababu ya kumwogopa.

Kenya haina sheria inayomshtaki mwanamke kwa kutumia dawa za kulevya akiwa mjamzito. Iliyopo ni sheria ya dawa za kulevya ya 1994, ambayo haichagui mwenye mimba na asiye nayo. Kifungu cha 5 kinafanya kosa kuvuta, kunusa au kutumia kwa njia nyingine yoyote, kuwa na vifaa vya kutumia, na hata kukutwa katika nyumba ambamo watu hukutana kutumia. Muuguzi akimuuliza mama, "Unatumia nini?", jibu la kweli ni kukiri kosa. Muuguzi anabanwa na siri ya mgonjwa, lakini mwanamke aliyewahi kuzolewa na polisi katika maskani ya watumiaji ataiaminije siri hiyo?

Malindi si mgeni wa jambo hili. Omari Project ilianza kuwahudumia watumiaji wa heroini hapa mwaka 1995, na mwanaanthropolojia Susan Beckerleg aliandika jinsi watu wa Malindi na Watamu walivyohama kutoka kuvuta hadi kujidunga, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mwaka 2015 hospitali ya Malindi ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kuchukua nafasi ya heroini; kliniki hiyo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo nchini. Kwa kawaida mgonjwa hufika kila siku na kunywa dozi yake ya maji mbele ya mhudumu.

Kwa mjamzito, dozi hiyo ina uzito wa pekee. Wengi, hata wenye nia njema, humshauri aache unga siku moja, kwa ajili ya mtoto. Ushauri huo ni wa hatari. Alosto ya ghafla, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa unapoikosa, inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na hata kuharibu mimba. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unataka mjamzito aliyezoea heroini apewe methadoni au buprenofini badala ya kuachishwa ghafla. Miezi ya mwisho damu huongezeka na mwili huimaliza dawa upesi, kwa hiyo mara nyingi dozi hupandishwa au kugawanywa mara mbili kwa siku. Atakayeiona dozi imepanda asidhani mama ameteleza.

Mtoto naye anaweza kuzaliwa na alosto. Hulia kwa sauti kali isiyobembelezeka, hutetemeka, hupiga chafya mfululizo, hushindwa kushika titi. Kwa kawaida dalili hujitokeza ndani ya siku tatu za mwanzo, na za methadoni mara nyingi husubiri siku ya pili au ya tatu. Wauguzi wakijua mapema, watambakiza mama wodini, watamweka mtoto kifuani pake mahali penye utulivu, na wakilazimika watampa dawa kwa kipimo. Wasipojua, mama huruhusiwa kesho yake, na mtetemeko unaanzia nyumbani Muyeye au Barani, usiku. Akirudishwa, daktari hutafuta maambukizi au sukari iliyoshuka, kwa sababu hakuna aliyemwambia kitu kingine. Tatizo linatibika, na mtoto anateseka kwa kukosa sentensi moja katika faili la mama yake.

Ona sasa mnazi. Mangwe, yaani pombe hiyo ya mnazi, ni halali, na mama wa Kaloleni hutaja alichokunywa bila kushusha sauti. Kwa mtoto aliye tumboni, pombe ndiyo inayojulikana kuharibu ubongo kwa kudumu, jambo ambalo ushahidi haulionyeshi kwa heroini. Ukali wa sheria haufuati ukubwa wa madhara kwa mtoto, na mtu akipima hatari kwa kipimo cha faini na kifungo atawaonya wanawake kuhusu kitu kisichokuwa kibaya zaidi.

Utafiti nao unaumia kwa ukimya huu. Kilifi ina kituo cha KEMRI-Wellcome, na tangu mwaka 2000 mradi wake wa takwimu za jamii umekuwa ukifuatilia uzazi na vifo katika sehemu ya eneo hilo. Lakini rejista huandika kilichosemwa. Anayenyamaza huhesabiwa miongoni mwa wasiotumia, na tofauti kati ya makundi mawili inafifia. Wanaokubali kuhojiwa ni wale waliokwisha kuingia katika huduma, au waliofikishwa na waelimishaji rika wanaowaamini, kama ilivyo kwa tafiti za Gitau Mburu na wenzake Pwani. Kazi ile imetufundisha mengi kuhusu aibu na woga. Watoto wa wanawake hawa wanakuaje wakifika miaka mitano, sita? Swali hilo linahitaji mama anayeweza kurudi miaka yote hiyo bila hofu ya kwamba fomu aliyotia saini itakuwa ushahidi.

Marekani walikwenda mbali zaidi ya sheria yetu. Hospitali moja ya umma ya Charleston ilipima mikojo ya wajawazito na kuwapa polisi majibu, mpaka Mahakama ya Juu ikasema mwaka 2001 kwamba kupima hivyo bila ridhaa kunavunja katiba. Jimbo la Tennessee lilipitisha mwaka 2014 sheria ya kuwashtaki akina mama. Madaktari walionya kwamba wajawazito wangekwepa kliniki, na mwaka 2016 sheria ikaachwa ife.

Sisi tuna mfano wetu. Kifungu cha 24 cha sheria ya UKIMWI ya 2006 kiliwatisha wanawake wenye virusi kwamba wangeshtakiwa kwa kumwambukiza mtoto. Mahakama Kuu ilikifuta mwaka 2015. Huduma za kumkinga mtoto asiambukizwe zinamtegemea mama aliyekubali kupimwa na kusema. Methadoni inamtegemea mama yuleyule.

Kubadilisha sheria ya 1994 ni kazi ya Bunge na itachukua muda. Lipo linalowezekana Malindi hata kabla ya hapo. Mjamzito aliye kwenye methadoni akikamatwa Ijumaa jioni, anaweza kufika Jumatatu mahakamani akiwa hajanywa dozi mbili au tatu. Sheria ya 2014 ya watu walionyimwa uhuru inampa mahabusu haki ya matibabu. Afisa wa zamu na awe na namba ya simu ya kliniki ukutani, na gari la kituo limpeleke kunywa dawa yake Jumamosi asubuhi.