Muvi ya kutisha ya bei rahisi: ipi inatisha kweli, na ipi ni ya kuchekea?

Kwenye nyumba nyingi za Mbuchi na vijiji vingine vya delta ya Rufiji, sinema ya usiku inategemea betri ya sola. Taa kwanza, simu zichajiwe, halafu chaji ikibaki ndipo inatolewa memori kadi iliyojazwa muvi Kibiti mjini au kwa kijana mwenye kompyuta. Humo ndani hakuna aliyechagua kitu. Kuna za Kihindi, za ngumi na za Kinaijeria, na katikati yake zimejibanza za kutisha, majina yao yamekatwa nusu. Wasikilizaji hutuuliza mara kwa mara: mbona hii isiyo na staa hata mmoja imetunyima usingizi, na ile ya mamilioni tumeilalia? Na je, hizi za majini na waganga tuwaache watoto waangalie?

Tuanze na bei. Watu wengi hudhani sinema ya kutisha inahitaji fedha nyingi ili itishe, lakini historia yake inasema vingine. Mwaka 1968 George Romero na rafiki zake, nje kidogo ya mji wa Pittsburgh, Marekani, walitengeneza Night of the Living Dead kwa takriban dola 114,000, fedha ndogo mno kwa sinema ya huko. Walipiga picha nyeusi na nyeupe, wakatumia sharubati ya chokoleti badala ya damu, na muziki wakauchukua kwenye maktaba ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Mazombi yote unayoyaona leo yakitembea kwa kuyumba ni wajukuu wa sinema hiyo. Shujaa wake alikuwa Duane Jones, mtu mweusi, jambo la nadra Marekani ya wakati ule. Tena msambazaji alipobadilisha jina la sinema alisahau kurudisha alama ya hakimiliki, ndiyo maana mpaka leo inazunguka bure dunia nzima. Ikiwa iko kwenye kadi yako, hujamwibia mtu.

Sasa tuseme jambo ambalo sisi watu wa redio tunalijua kuliko lolote: hofu huingilia masikioni. Mwaka 1978 John Carpenter alitengeneza Halloween kwa zaidi kidogo ya dola 300,000. Kinyago cha muuaji kilikuwa cha dukani, cha sura ya mwigizaji wa sinema za angani, bei yake chini ya dola mbili, wakakipaka rangi nyeupe. Carpenter mwenyewe amesimulia kwamba alipomwonyesha mkuu mmoja wa studio sinema hiyo kabla haijawekwa muziki, mama yule hakuogopa hata kidogo. Carpenter akaupiga muziki mwenyewe, noti chache za piano zinazojirudiarudia. Picha ni zile zile, lakini safari hii watu wakaanza kushikana mikono.

Jaribu nyumbani. Zima sauti sehemu inayokutisha zaidi uone kinachobaki. Mara nyingi utabakiwa na mtu anayetembea kwenye korido. Kisha fanya kinyume chake: geuza uso ukutani usikilize tu. Muvi inayokutisha hata hapo, mtengenezaji wake anajua kazi. Inayotegemea mlio mmoja mkubwa wa ghafla kila baada ya dakika tano inakushtua tu. Kushtuka hata sufuria ikianguka jikoni utashtuka.

Hapa ndipo Bongo muvi nyingi za kutisha huangukia. Kinanda kinalia tangu jina la kampuni mpaka mwisho, kwa nguvu ile ile, hata mtu akinywa chai. Sikio likishazoea, jini akitokea halina tena pa kupandia. Ukimya hauna gharama yoyote, lakini watengenezaji wetu wanauogopa kuliko wanavyoogopa mzuka. Anayelala kwenye dungu kulinda mpunga anajua: nguruwe wakipiga kelele unajua walipo, moyo unaenda mbio wakinyamaza.

Jambo la pili la kupima ni kile unachofichwa. Mwenye fedha kidogo hawezi kutengeneza jitu la kuaminika, basi aliye mwerevu halionyeshi. The Blair Witch Project ya mwaka 1999 ilipigwa kwa siku nane msituni, waigizaji wakishika kamera wenyewe, na mchawi anayetajwa haonekani hata mara moja. Iliingiza karibu dola milioni 250. Kabla yake, Sam Raimi na wenzake walipotengeneza The Evil Dead, iliyotoka mwaka 1981, walifunga kamera kwenye ubao, watu wawili wakaushika huku na huku wakakimbia nao msituni. Pepo ni ubao! Hata Jaws ya mwaka 1975, ambayo haikuwa ya bei rahisi, ilipata nguvu kwa sababu papa wa mashine alikuwa akiharibika kila mara, ikabidi Steven Spielberg aonyeshe maji matupu. Mtu wa delta haelezwi zaidi kuhusu hilo. Maji ya mkondo wenye mamba hayatishi kwa kuwa umemwona mamba, yanatisha kwa kuwa hujamwona.

Kwetu Tanzania, Mussa Banzi ndiye aliyefungua njia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitoa Nsyuka, jina lililotoka Kinyakyusa likiwa na maana ya mzuka, na baadaye Shumileta, ya jini wa kike. Kazi hizi zilifuata nyayo za Nollywood, ambako Living in Bondage ya mwaka 1992 ilionyesha kwamba sinema ya kafara na utajiri inaweza kupigwa kwa kamera ya video na kuuzwa sokoni. Vikorombwezo vya kompyuta vya wakati ule leo vinachekesha: mtu anatoweka kwa moshi wa kijani, macho yanatoa miale. Lakini tusizidharau. Watengenezaji hawa walichukua viumbe ambavyo bibi zetu walivijua. Aliyewahi kusikia habari za mumiani, wale wanyonya damu walioogopwa Dar es Salaam na Nairobi tangu enzi za mkoloni, au za Popobawa aliyewakesha watu wa Pemba na Unguja mwaka 1995, hahitaji jumba la kifahari la Ulaya ili aogope.

Tunachowalaumu ni kurefusha. Gari linafika getini, linapiga honi, geti linafunguliwa, linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea, anabisha hodi. Yote hayo ili kupatikane sehemu ya kwanza na ya pili za kuuza. Hofu ni kama uji, ukiuongeza maji unabaki na maji.

Kuna pia muvi mbaya zinazopendwa kwa ubaya wake. Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood ndiyo mfano wa dunia nzima: staa wake, Bela Lugosi, alikufa mwaka 1956 kabla haijakamilika, Wood akamweka mtu mwingine asiyefanana naye, akijifunika uso kwa joho. Mwaka 1980 ilipewa tuzo ya mzaha ya sinema mbaya kuliko zote, na tangu hapo watu wakaitafuta zaidi. Tofauti yake na takataka ya kawaida ni kwamba Wood alikuwa anaamini anachofanya. Muvi ya namna hiyo iangalieni wengi, na ikiwa ina mtafsiri wa Kiswahili mwenye mdomo kama Lufufu, bora zaidi. Ila fahamuni kwamba mtafsiri mzuri huua hofu. Akishasema "shemeji, kimbia, huyo si mtu," chumba kizima kimeshacheka.

Tumefika kwenye swali la watoto, na hapa hatuna mzaha. Bodi ya Filamu hupanga sinema kwa umri, lakini memori kadi haiji na alama hiyo. Mazombi ya Romero tunaona hayana neno kwa kijana mkubwa, kwa kuwa hakuna zombi jirani. Tunazozihofia zaidi ni zile ambazo mchawi ni bibi kizee, anaishi peke yake pembeni ya kijiji, macho mekundu. Macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka hamsini. Nchi hii imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma kama hizo, na wenye ualbino wakikatwa viungo kwa ahadi za waganga, mpaka Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wasio na kibali. Sheria ya Uchawi, ya tangu mwaka 1928, inamtia hatiani hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Muvi inayomalizika kwa bibi kuchomwa huku watu wakishangilia tunaipa sifuri, hata kama sauti yake ni safi na jini wake anaaminika.

Ikiwa mtoto ameshaiona, msimwambie tu "ni uongo, lala." Irudisheni palepale alipoogopa, mzime sauti, mwonyesheni kamera ilikuwa wapi na damu ni ya rangi gani. Kesho yake mtumeni apeleke samaki kwa yule bibi wa pembeni, akae naye kidogo.